Vijidudu vya Ziwa Bogoria: Nani Anavuna?

Ndugu mfanyakazi, ukiona suruali ya jinzi imepauka rangi, usidhani imechakaa shambani. Imechakazwa kiwandani kwa makusudi. Zamani suruali zilizungushwa katika mashine pamoja na mawe mepesi ya volkano. Baadaye kikaja kimeng'enya, yaani kitu kinachotolewa na vijidudu hai, ambacho hula nyuzi za pamba juujuu hata rangi ikatoka.

Vijidudu vya namna hiyo wamo katika maziwa ya magadi ya jirani zetu wa Kenya. Bogoria ni mojawapo. Maji yake ni makali na chemchemi zake zinatokota, hivyo kinachoishi humo hakishtuki kwa joto wala magadi. Sabuni ya unga nayo ina ukali kama huo. Biashara ikaanzia hapo.

Mwaka 1992 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli katika maziwa hayo. Vijidudu vikafikia kampuni ya Genencor ya Marekani, na kimeng'enya chao kikaingia katika sabuni na jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai fungu, likisema halikutoa ruhusa. Upande wa pili ukajibu kuwa kibali cha utafiti kilikuwapo. Sisi twasema kibali cha kusoma si kibali cha kuuza.

Mwaka 2007 shirika hilo lilitia saini mkataba na Novozymes ya Denmark, iliyokuwa ikiuza kimeng'enya kingine cha Bogoria, Pulpzyme. Hicho hupunguza klorini katika kung'arisha rojo la karatasi, na aliyefanya kazi karibu na klorini anajua inavyobana kifua. Safari hii Kenya iliahidiwa malipo na mafunzo.

Na wenyeji je? Waendorois, wafugaji wa kando ya ziwa, walianza kuondolewa miaka ya 1970 kupisha hifadhi. Uamuzi wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa 2010, ulisema haki zao zilivunjwa; warudishiwe ardhi, walipwe mrabaha, wafaidike na ajira za hifadhini.

Itifaki ya Nagoya, inayotumika tangu 2014, inataka ridhaa na mkataba wa mgawo kwanza. Vema. Lakini vyuo vyetu vinapoketi mezani na makampuni, sisi wa chama tunataka liulizwe na hili: kiwanda kitajengwa wapi, na nani ataajiriwa humo?