Simu na Moyo wa Kijana (2): Ujumbe Usiodai Jibu

Wiki iliyopita tuliona kwa nini SMS moja haizidi herufi 160. Leo tuulize herufi hizo chache zinamfaa nini kijana wa Walungu, huku Kivu Kusini, Kongo.

Vijana wengi wa huku wametawanyika. Mmoja anachimba dhahabu Mukungwe au Kamituga, dada yake anasoma Bukavu, mama amebaki Ngweshe na mihogo yake. Mchimbaji anapanda kilimani kutafuta mtandao, simu inalia: "Yaya, ulilala muzuri? Huku mvua tu." Mzee akisoma hayo atasema yunite (salio la simu) zimeliwa bure. Mimi nakataa. Mvua si habari. Habari ni kwamba yupo aliyekukumbuka asubuhi hii, wala hakusukumwa na shida.

Daktari Jerome Motto wa San Francisco alilipima jambo hilo. Alichukua wagonjwa 843 waliolazwa kwa huzuni kubwa au kwa kutaka kujiua, kisha wakakataa kuendelea na matibabu. Baadhi yao waliandikiwa barua fupi kwa miaka 5: tunakukumbuka, tunatumaini u mzima, ukipenda kutuandikia karibu. Basi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa katika miaka 2 ya kwanza, waliojiua walikuwa wachache zaidi miongoni mwa walioandikiwa.

Barua zile hazikudai kitu, na hapo ndipo vijana wetu wanapokosea. Ujumbe usipojibiwa, ugomvi unaanza: "Unanidharau?" Kumbe mwenzako hana yunite, betri imezima, au moyo wake umechoka hata kuandika. Tena mtandao wenyewe hukatwa: baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, serikali ilizima intaneti na SMS kwa karibu wiki tatu. Na tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, kimya cha simu kinatisha kuliko zamani.

Hata hivyo, SMS haimtibu aliyebakwa wala aliyeona nduguye akiuawa. Huyo anahitaji watu waliosomea kazi hiyo, kama walio Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999. Lakini maneno "nitakusindikiza" kwenye SMS yanaweza kumtoa nyumbani aende kutibiwa.

Msomaji, kama una mdogo wako mgodini aliyenyamaza siku nyingi, usimuulize kwa nini hajibu. Mwandikie leo kwamba nyumbani ni wazima, na akitaka kuongea, upo.