Karamu ya Watalii au Sahani ya Mtaani: Kula Kihawaii Bila Kupoteza Pesa

Karamu ya luau, yenye ngoma za hula na wachezaji wa moto, huuzwa kwa watalii wa Honolulu kwa dola 150 au zaidi kwa kichwa. Sahani ya chakula hichohicho, kwenye mkahawa wa mtaani, mara nyingi haifiki dola 30. Kama unataka hula, lipa bila kinyongo, kwani ngoma ikichezwa na wanaoijua ina thamani yake. Ila kama ni tumbo linalokupeleka, luau ndiyo njia ya ghali kuliko zote, na poi, rojo la magimbi, huwa imetengwa pembeni kidogo tu, kana kwamba ni pambo.

Mimi ningeanzia mtaa wa Kalihi, kwa Helena's, mkahawa uliofunguliwa na Helen Chock mwaka 1946 na kupewa tuzo ya James Beard mwaka 2000. Huko Waipahu kuna Highway Inn, yenye asili ya mwaka 1947. Agiza laulau: nyama na samaki waliofungwa kwa majani ya magimbi, kisha majani ya ti, wakapikwa kwa mvuke kwa saa nyingi hadi majani ya ndani yalegee kama mchicha. Kalua ni nguruwe wa kuokwa, kwa asili ndani ya imu, yaani shimo lenye mawe ya moto. Asiyekula nguruwe ana pa kushika: laulau ya kuku (uliza kwanza kama hawakutia mafuta ya nguruwe), au pweza aliyepikwa na majani ya magimbi kwa tui la nazi. Mtu wa pwani yetu hatahitaji kufundishwa kukila chakula hicho.

Poi ndiyo inayostahili pesa yako, na ndiyo wageni wengi wanayoiacha mezani. Ni magimbi yaliyopikwa, yakapondwa na kulainishwa kwa maji. Bei yake hushangaza ukiilinganisha na wali, lakini tazama inakotoka: magimbi mengi ya Hawaii hulimwa kwenye majaruba ya maji kisiwani Kauai, hasa Hanalei, hukaa shambani karibu mwaka mzima, na kazi kubwa ni ya mikono ndani ya tope. Anayeionja tupu kwa kijiko huona haina ladha. Ile kama ugali: chukua kidogo, fuatisha nyama au samaki wa chumvi. Ikiwa mpya ni tamu kidogo. Baada ya siku mbili tatu huchachuka, na wazee wengi huipenda hivyo. Kama pesa inatosha kuongeza kitu kimoja tu, ongeza bakuli la poi.

Poke, jodari mbichi aliyekatwa vipande, usiinunue kwenye hoteli. Nenda kaunta ya samaki ya duka kuu la kawaida, kama Foodland, wanakouza kwa uzito na aghalabu hukuonjesha ukiomba. Soma kibao: aliyewahi kugandishwa huwa nafuu kwa dola kadhaa kwa kila pauni, na nyama yake huwa laini mno. Kwa poke yenye mchuzi mzito wa pilipili tofauti hiyo hufichika, basi okoa pesa. Kwa ile ya asili, yenye chumvi, mwani na kokwa za kukui zilizookwa na kusagwa, nunua jodari ambaye hajagandishwa.

Kwenye vinywaji, mai tai haina ukongwe wowote visiwani. Mwenye mikahawa Victor Bergeron alidai kuibuni California mwaka 1944. Kinywaji cha wenyeji tangu kale ni awa, mizizi iliyopondwa na kuchujwa kwa maji, chungu, inayotia ganzi ulimini. Haina kileo, lakini hulegeza mwili, kwa hiyo usiendeshe gari baada yake.

Kahawa ya Kona ndiko wengi wanakoliwa pesa. Kwa miaka mingi sheria ya Hawaii imeruhusu pakiti kuitwa mchanganyiko wa Kona ikiwa na asilimia 10 tu ya kahawa hiyo. Bei ya pakiti hizo huonekana nzuri, lakini tisa katika kila sehemu kumi zaweza kuwa zimetoka kwingine kabisa. Tafuta maandishi ya asilimia 100 na jina la shamba. Itakugharimu mara kadhaa zaidi. Nunua pakiti ndogo.