Siku Nyanya Alipovua Bangili

Babangu alikuwa nahodha. Jahazi lake lilikuwa likitia nanga Bandari ya Kale, hapo chini ya mitaa yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, na mimi, wajukuu zangu, nikiwa na umri kama wenu niliruhusiwa kulipanda likiwa limefungwa. Kitu kimoja tu nilikatazwa, kuisogelea dira nikiwa na chuma mkononi. Siku moja nikasahau. Nilikaa kando ya kijumba cha mbao kilichotunza ile dira, nikachonga kijiti kwa kisu cha jikoni. Baba alinirukia kama aliyeona nyoka. "Ondoa kisu hicho! Wataka twende Pemba na huku twadhani twenda Lamu?" Kisha hasira zikamtoka, akanionyesha. Alikisogeza kisu polepole, na sindano ya dira ikaiacha kaskazini ikakifuata kisu. Alipokiondoa, ikatetemeka kidogo, ikarudi mahali pake.

Hiyo sindano niliikumbuka miaka zaidi ya hamsini baadaye, nimekaa katika chumba kidogo cha kubadilishia nguo, hospitali moja hapa kisiwani, nikivua vipuli.

Wajukuu zangu, najua mlisikia minong'ono. Wakubwa walikuwa wakizungumza sebuleni, nanyi mkiingia wananyamaza. Mdogo wenu alishika neno moja tu, "mashine", akalala nalo usiku kucha. Asubuhi tunakula mahamri kwa mbaazi, akaniuliza, "Nyanya, hiyo mashine yala watu?" Haili. Nitawaeleza yote kama nilivyoyaona, pamoja na yale yaliyonitisha, kwa sababu yalikuwepo.

Mamangu mzazi alifariki kwa saratani ya titi. Dadangu naye akaugua maradhi hayo hayo. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo mno, na kila chembe yajua wakati wa kuzaa nyingine na wakati wa kuacha. Saratani ni chembe zilizosahau kuacha. Haiambukizi. Mwaweza kula sinia moja na mgonjwa, mkalala kitanda kimoja, mkambusu. Wala si laana ya nyumba fulani, ingawa mimi nilipokuwa mdogo watu walisema hivyo, na yule dadangu alificha uvimbe wake miezi mingi kwa kuyaogopa maneno hayo. Hadi leo yaniuma. Hapa Kenya ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine zote. Mwaka 2020 pekee ilikadiriwa kwamba wanawake 6,800 hivi waligunduliwa nayo. Wanaume nao huipata, ila ni wachache, kama mmoja katika kila wagonjwa mia. Na nyinyi wasichana mnaoanza kukua, msije mkaruka kwa hofu mkigusa kifundo kidogo chini ya chuchu, pengine upande mmoja kabla ya mwingine, chenye kuuma ukikibonyeza. Huko ni kuota kwa titi. Mwambieni mama, naye atawatuliza.

Basi kwa kuwa ukoo wangu una historia hiyo, daktari hakutosheka na mamogramu, ile picha ya eksirei ambayo titi hubanwa kati ya vibao viwili, wala na altrasaundi, ile ya kupakwa jeli baridi na kupitishiwa kifaa juu ya ngozi. Akaniandikia picha ya MRI, inayopigwa kwa mashine yenye sumaku kubwa. Si kila mwanamke anaihitaji. Ni ya mtu kama mimi, aliye katika hatari kubwa, au ya mgonjwa ambaye picha nyingine zimeacha swali. Kwa mwanamke ambaye bado anapata siku zake, huchaguliwa wiki ya pili tangu damu ianze, kwani siku nyingine titi lake huwa limejaa damu na picha yaweza kudanganya.

Siku mbili kabla ya kwenda, tatizo lilikuwa bangili. Mnazijua, zile za dhahabu alizoniachia mama. Nyingine zilitoka. Moja ilikataa. Niliivaa nikiwa bi harusi mwembamba, na mkono huu sasa si ule. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya nazi, shangazi yenu akavuta mpaka nikalia. Mwisho nikaenda kwa sonara, hapa hapa Mji wa Kale, akaikata. Mlio wa msumeno juu ya bangili ya mamangu uliniuma kuliko sindano yoyote niliyochomwa baadaye.

Mkubwa wenu, ambaye hapitwi na neno, aliniuliza swali la maana. "Nyanya, sumaku haivuti dhahabu. Kwa nini uvue?" Ni kweli, haivuti. Lakini sonara huchanganya dhahabu na madini mengine. Tena mashine hiyo hutumia mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yakipita kwenye pete au bangili yaweza kuipasha moto. Na chuma kikiwa karibu, picha huharibika pale pale, kama kile kisu changu kilivyoiharibu dira ya baba.

Asubuhi yenyewe tulipanda tuk-tuk kutoka Kibokoni, mimi na shangazi yenu, tukapita mbele ya Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Hospitalini nesi alinikalisha na karatasi ya maswali. Je, nina betri ya moyo? Nimewahi kupasuliwa kichwa na kuwekwa kibanio cha chuma? Figo zangu ni nzima? Nina mimba? Hapo nilicheka, na umri huu. Nimewahi kufanya kazi ya kuchomelea vyuma? Nikacheka tena, lakini yeye hakucheka. Alinieleza kwamba mchomeleaji aweza kuwa na kichembe cha chuma jichoni bila kujua, na ile sumaku ikakisogeza, jicho likaharibika. Nikaacha kucheka, nikajibu kwa makini. Nanyi mkija kuulizwa siku moja, msifiche kitu.

Kisha nikavua. Pini za ushungi, vipuli, kipini cha puani, saa, sidiria yenye vishikizo. Simu na kadi ya benki zikabaki kwa shangazi yenu. Nikapewa joho la hospitali, lenye uwazi mbele. Sikuwa na haja ya kuona haya, nilikuwa nimeomba mapema nihudumiwe na mwanamke, nao wakapanga hivyo. Nikachomwa sindano mkononi, ikaachwa kanula, kimrija laini cha plastiki kinachokaa ndani ya mshipa.

Sasa huo mlango. Mlango wa chumba cha MRI ni mzito, na una onyo kubwa, kwa sababu sumaku iliyo ndani hailali. Usiku inafanya kazi, sikukuu inafanya kazi, na hata stima ikipotea mji mzima, picha zitasimama lakini sumaku itabaki pale pale na nguvu zake. Ndani yake mna waya uliozama katika heliamu ya majimaji, baridi ya nyuzi 269 chini ya sufuri. Katika baridi hiyo umeme ukishaingia kwenye waya huzunguka tu bila kuchoka. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla, na mashine nyingi za hospitali zina tesla 1.5. Hiyo ni zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya dunia inayoigeuza sindano ya dira. Mtu akiingia na mtungi wa oksijeni wa chuma, utamponyoka mikononi uruke hadi kwenye mashine. Ndiyo maana haingii mtu ovyo.

Ndani ni chumba baridi chenye kitu kama pipa kubwa jeupe lililolazwa, wazi huku na huku. Mbele yake kuna kitanda. Mimi nilidhani nitalala chali, kumbe ni kifudifudi. Kitandani pana godoro lenye matundu mawili, kila titi likaning'inia katika tundu lake, bila kubanwa hata kidogo. Likining'inia hivyo hutanuka vizuri na kuonekana lote, mpaka karibu na kwapa, na pumzi za kifua hazilitikisi sana. Pembeni mwa matundu hayo ndimo kilimofichwa kifaa kinachosikiliza. Mtasikia punde kinasikiliza nini. Uso niliuweka kwenye kitundu cha mto, kama wa kukandwa mwili. Mikono ikanyooshwa mbele ya kichwa. Nikapewa kipira cha kubonyeza nikitaka kuita, masikio yakazibwa, na juu ya vizibo nikavikwa vifuniko vingine. "Mama, usisogee," akaniambia yule binti mpiga picha. "Pumua pole pole, kama mtu aliyelala." Kitanda kikaingia, miguu ikitangulia.

Kisha zikaja kelele. Kwanza tak-tak-tak, kama fundi wa milango akipiga patasi. Zikanyamaza. Zikaja nyingine nzito, za kuvuma, hadi nikazisikia kifuani. Hiyo ndiyo sehemu iliyonitisha. Lakini hakuna kinachovunjika. Katika mashine mna nyaya nyingine ambazo umeme wake huwashwa na kuzimwa haraka haraka, na kila ukiwashwa ile sumaku kubwa huzisukuma nyaya zikatikisika. Mtikisiko huo ndio kelele. Nami nilipolijua hilo niliweza kuzihesabu.

Kinachosikilizwa ni maji, wanangu. Zaidi ya nusu ya mwili wa mtu ni maji, na katika kila tone la maji mna haidrojeni isiyohesabika, na kiini cha kila haidrojeni ni kama dira ndogo kupita kiasi. Hivi sasa mlivyokaa, dira zenu zimeelekea kila upande, kama watu wa Marikiti asubuhi. Ukiingia ndani ya sumaku, zinaanza kuifuata. Si zote, ni chache zilizozidi upande mmoja, lakini zatosha. Mashine inazisukuma kwa mawimbi ya redio, zinayumba. Mawimbi yakikatwa, zinarudi mahali pake kama ile sindano ya baba kisu kilipoondolewa, na katika kurudi zinatoa sauti ya redio hafifu mno. Haidrojeni ya mafuta hairudi sawa na ya maji, na titi ni mafuta na tezi zilizochanganyika. Kompyuta inazikusanya sauti hizo na kuchora picha, kipande kwa kipande, bila kisu na bila miale ya eksirei.

Katikati ya kazi, sauti ya binti ikaniambia, "Mama, sasa naingiza dawa." Nikasikia baridi inapanda mkononi, na ladha ya ajabu kinywani kwa muda mfupi, basi. Dawa hiyo ina madini yaitwayo gadolini, hufuata damu na kufanya inapopita pang'ae. Nyinyi ni watoto wa kisiwa, mwajua maji ya bamvua yanavyojaa kule hori ya Tudor. Hayapandi sawasawa, hukimbilia kwanza palipo na mikondo. Uvimbe wa saratani hujichimbia mishipa mingi ya damu, tena inayovuja, kwa hiyo dawa hufika hapo mapema na mara nyingi huondoka mapema. Mashine ilipiga picha kabla ya dawa, kisha ikapiga tena na tena baada yake, ili daktari aone pa kujaa na pa kupwa.

Baada ya nusu saa hivi nikatolewa, shingo imekakamaa na alama ya mto usoni. Nilikuwa nikijihurumia, mpaka nilipokuja kusoma juu ya Raymond Damadian, daktari wa Marekani. Yeye na wenzake walijenga mashine yao wenyewe huko New York, wakaiita Asiyeshindika. Aliingia yeye kwanza, haikutoa picha yoyote, wakashuku kwamba ni mnene mno. Ndipo tarehe 3 Julai 1977 akaingia mwanafunzi wake Larry Minkoff, kijana mwembamba, akakaa humo karibu saa tano ili kupatikana picha moja ya kifua, isiyo wazi hata kidogo. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2003 walipewa wengine wawili, Paul Lauterbur na Peter Mansfield, waliogundua jinsi ya kuzigeuza sauti hizo kuwa picha, na Damadian alilalamika hadharani. Mimi namkumbuka zaidi yule kijana aliyetulia saa tano.

Nilimtazama yule binti mpiga picha usoni nikitafuta jibu. Hakusema kitu, nami moyo ukaniruka. Sikujua kwamba kusoma picha si kazi yake, ni ya daktari bingwa, na picha ni mamia. Mkimsindikiza mtu, msimsome mpiga picha uso.

Siku chache baadaye daktari akaniita. Palikuwa na doa linalong'aa, titi la kushoto. Wiki hiyo ndiyo mliyoniona nimenyamaza. MRI huona mambo mengi, na mengi ya hayo si saratani, kwa hiyo ikatolewa nyama kidogo kwa sindano, mahali pakiwa pamekufa ganzi, ikapelekwa maabara. Jibu lilirudi kwamba ni kifundo kisicho na ubaya. Nilisujudu palepale sebuleni, na shangazi yenu akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia.

Kesho yake niliifunga ile bangili iliyokatwa katika leso nikarudi kwa sonara. Akaitazama, akaniuliza kama aiunge tu, isionekane kovu. Nikamwambia asiiunge. Atie bawaba upande mmoja na kifungo upande wa pili, kwani mwakani naenda tena.