Kagua shafti ya pikipiki ya mizigo kabla ya mavuno

KWA mkulima au mfanyabiashara mdogo wa Buzwagi na maeneo mengine ya Kahama, pikipiki ya magurudumu matatu ndiyo lori lake. Huleta mpunga kutoka shambani, na kurudi na saruji au bidhaa za duka. Mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu 2009 ukasimama 2021, lakini mizigo ya kilimo na biashara haijakoma.

Bodaboda ya kawaida huzungusha gurudumu la nyuma kwa mnyororo. Nyingi za magurudumu matatu hutumia shafti, yaani propela, inayopeleka nguvu ya injini kwenye difu. Utaalamu huu si mgeni: BMW iliutumia katika pikipiki yake ya R32 mwaka 1923. Kwa kuwa shafti haikazwi mara kwa mara kama mnyororo, wengi huisahau mpaka ikatike.

Kinachokufa kwanza ni krosi, kiungo chenye vikombe vinne na beringi nyembamba kama sindano ndani yake. Grisi ikikauka, vumbi na maji huingia, beringi zikasagika. Krosi ikikatika njiani, shafti inaweza kudondoka, na kwenye mteremko injini haisaidii tena kupunguza mwendo. Dereva hubaki na breki tu, mzigo ukimsukuma.

Dalili ni mlio wa kugonga unapoachia klachi, mtikisiko unaoongezeka na mwendo, na unga mwekundu wa kutu kuzunguka vikombe. Ukaguzi unaweza kuufanya mwenyewe hivi:

1. Shusha mzigo, egesha mahali tambarare, zima injini, zuia magurudumu kwa mawe na weka gia nyutro.

2. Shika shafti, izungushe mbele na nyuma. Kucheza kidogo kwa meno ya difu ni kawaida. Krosi ikicheza ndani ya vikombe, nunua mpya. Grisi haifufui iliyokwisha kulika.

3. Kaza bolti zote zinazoshika shafti.

4. Kama krosi ina nipo, ifute tope kwanza, kisha sukuma grisi mpaka mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kuipaka kwa nje hakusaidii.

5. Angalia oili ya difu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia: imwage yote, weka mpya na tafuta sili iliyochoka. Tumia oili ya gia iliyotajwa na mtengenezaji, si ya injini.

Ukilazimika kufungua shafti, weka alama kwenye viungo vyake kabla ya kuvitenganisha, ili uirudishe ilivyokuwa. Ikirudishwa vibaya hutikisika hata kama krosi ni mpya. Kutoa vikombe kunahitaji jiriwa. Kama huna, mpelekee fundi shafti peke yake, na uende dukani na krosi ya zamani ili upate saizi ileile.

Rudia ukaguzi kila unapovuka maji mengi, na usizidishe mzigo. Ndugu mkulima, grisi kidogo kabla ya msimu ni nafuu kuliko magunia ya mpunga kulala barabarani wakati mnunuzi anasubiri.