Asili ya Jina Embe: Mizizi Miwili ya Tunda Moja

1.0 Utangulizi
Matunda mengi ya kigeni yanayostawi Afrika Mashariki hudhaniwa kuwa yaliletwa na Wareno. Dhana hiyo ina mashiko kwa nanasi na papai, matunda yenye chimbuko la Amerika ambayo majina yake yanahusishwa na Kireno: ananás na papaia. Kwa embe, haisimami. Makala haya yanaonesha kuwa jina lenyewe linashuhudia historia nyingine.

2.0 Mizizi miwili
Mwembe ni mti wa Asia ya Kusini, na huko tunda lake lina majina ya koo mbili. Upande wa kaskazini, Kisanskriti kina āmra, ambalo ndilo asili ya ām la Kihindi na āmbā la Kimarathi. Upande wa kusini, lugha za Kidravidi zina mzizi tofauti: māṅkāy katika Kitamili na māṅṅa katika Kimalayalam. Wareno, waliofika pwani ya Malabar mwaka 1498, waliuchukua mzizi huu wa kusini wakasema manga. Mango la Kiingereza, mangue la Kifaransa na hata mangolo la Kilingala ni ya ukoo huo.

Kiswahili kiko katika ukoo wa pili. Mfuatano wa sauti mb katika embe unalandana na āmbā, wala haufanani na ng ya manga. Waarabu nao walisema ʿanba, ambapo nb hutamkwa mb. Ibn Battuta, aliyezuru Mogadishu mwaka 1331, alilitumia neno hilo kueleza tunda aliloandaliwa pamoja na wali: likiiva ni tamu, likiwa bichi ni kali kama limau, nalo hutiwa katika siki. Hiyo ni miaka 167 kabla ya Vasco da Gama kufika pwani hii.

3.0 Jina linapoingia bara
Kiswahili kililigawa neno hilo katika ngeli mbili: mwembe/miembe kwa mti, embe/maembe kwa tunda, kama ilivyo kwa mchungwa na chungwa. Katika lugha jirani mgawanyo huo haukufuatwa. Muyembe la Kiganda na umwembe la Kinyarwanda hutaja tunda kwa umbo lenye kiambishi ambacho katika Kiswahili ni cha mti. Kwa hiyo, mwalimu wa Kiswahili wa Kampala au Kigali akisikia "nimekula mwembe", asidhani ni uzembe. Mwanafunzi amefuata sarufi ya lugha yake ya kwanza, na kulinganisha maumbo hayo mawili kutamsaidia kuliko kumkemea.

4.0 Hitimisho
Jina la tunda ni hati ya historia. Embe linathibitisha kuwa biashara ya Bahari ya Hindi ilikwisha kuleta matunda na maneno yake pwani kabla ya Wareno. Kamusi za Kiswahili zinapoeleza maana ya neno hili, zieleze pia asili yake, ili ushahidi huo usipotee.