Fahamu: Mpira ukishapigwa, nani huandika ulikokwenda?

Mwaka 2028 kriketi, besiboli na softiboli zote zitakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles. Zina hesabu moja ambayo ubao wa matokeo hauionyeshi: mpira ulielekea wapi.

Tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana karibu na Parklands, Shahid Afridi wa Pakistan aliipiga Sri Lanka mikimbio 100 kwa mipira 37 tu, rekodi ya kasi katika kriketi ya kimataifa ya siku moja iliyodumu hadi Januari 2014. Kadi ya matokeo inasema alipiga mipira 11 ya mikimbio sita na 6 ya mikimbio minne. Haisemi iliangukia upande gani, na utamu wenyewe uko hapo. Chati ndiyo husema: kila pigo huchorewa mstari kutoka kwa mpigaji hadi mpira ulipofika, mistari ikitawanyika kama spoku za baiskeli. Karani Bill Ferguson wa Australia alichora hivyo enzi za kalamu na karatasi.

Besiboli huwapa walinzi namba: mrushaji 1, mdakaji 2, hadi 9, na namba hizo huonyesha mpira ulikokwenda. Mipigo ikirundikana upande mmoja, walinzi huhamia huko. Ligi Kuu ya Marekani ilibana mtindo huo mwaka 2023.

Kwa kocha wa shule, daftari na penseli vinatosha kuanza.