Picha Mbili za Mlima Mmoja

Msomaji wetu mmoja, mwalimu katika upande wa Runyenjes, ametuletea swali ambalo nimelifurahia kuliko alivyodhani. Anasema ameona, katika kitabu cha zamani, kadi yenye picha mbili za mlima wa theluji zilizochapwa bega kwa bega, zote zikionyesha msururu ule ule wa watu wakipanda na mizigo mgongoni. Anauliza kwanza kwa nini mpiga picha alijitaabisha kuichapa picha moja mara mbili, na pili kama ziko njia za kuitazama kadi hiyo bila ya chombo chake.

Mlima huo, kwa maelezo aliyotoa, ni njia ya Chilkoot, mpakani mwa Alaska na Kanada, katika majira ya baridi ya 1897 na 1898. Dhahabu ilikuwa imeonekana Agosti 1896 katika bonde la Klondike, na serikali ya Kanada ikakataza mtu kuvuka asipokuwa na chakula cha mwaka mzima, ambacho pamoja na vyombo vyake kilikaribia uzito wa tani moja. Kwa hiyo kila mtu aliupanda mlima ule ule mara nyingi, akibeba kidogo kidogo. Habari za dhahabu yenyewe sitazirefusha, maana aliyesikia ya Kakamega baada ya 1931 amekwisha kuzisikia: walikwenda wengi, wakarudi na mali wachache. Makampuni ya Marekani kama Underwood & Underwood na Keystone yaliuza kadi hizo, na watu ambao hawakuwahi kugusa theluji ya kaskazini wakaitazama sebuleni mwao kupitia chombo chenye lenzi mbili kiitwacho stereoskopu.

Basi, picha hizo si moja. Mwingereza Charles Wheatstone alieleza siri yake mwaka 1838, kabla upigaji picha haujatangazwa kwa umma: macho yetu yameachana kwa sentimita sita na nusu hivi, kwa hiyo kila jicho linauona ulimwengu wake. Simamisha kidole mbele ya uso, ufumbe jicho moja kisha jingine, nacho kitarukaruka mbele ya ukuta. Wataalamu huita jambo hili paralaksi. Mimi nimeona heri kuliita mhamo, kwa kuwa kidole hakikuondoka mahali pake ila machoni kimehama. Niliwahi kufikiria “mwachano” nikaliacha, kwa sababu linanuka talaka.

Uzuri wa mhamo ni kwamba ubongo haulishwi na mfanano wa picha mbili bali na ikhtilafu zao. Chukua mfano wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, linalosikiliza shauri la mpaka, ambamo shahidi wa kwanza asema kuwa mringa uliokatwa ulisimama sawasawa mbele ya jiwe, na wa pili asema ulisimama sawasawa mbele ya nyumba. Mzee mwenye pupa atamhukumu mmoja kuwa mwongo. Mzee mwenye hekima atauliza kila mmoja alikuwa amesimama wapi, na akishajua kwamba mmoja alikuwa kivuko cha juu na mwenzake kivuko cha chini, atavuta mistari miwili, na pale inapokatana ndipo penye kisiki. Lau mashahidi wangalisema neno kwa neno sawasawa, baraza lisingalipata zaidi ya ushahidi wa mtu mmoja. Wala wakiulizwa juu ya kilele cha Mlima Kenya hawatahitilafiana, maana kiko mbali mno kwa hatua chache zilizowatenga. Na baraza, kwa njia hii peke yake, haliwezi kujua kiko umbali gani. Ila kuna sharti moja lililo gumu kuliko yote: kabla ya kuvuta mistari, wazee lazima wawe na yakini kwamba mashahidi wote wanasema habari za mringa ule ule.

Kazi hiyo ya kulinganisha hutendeka kisogoni, katika gamba la ubongo ambamo habari za macho mawili hukutana, nayo hukamilika pasipo sisi kujua kuwa kesi imesikilizwa. Bela Julesz alidhihirisha jambo hilo huko Marekani mwaka 1960, alipotengeneza kwa kompyuta picha mbili za nukta zilizotawanywa ovyo, zisizo na umbo lolote, ila katika moja fungu la nukta lenye umbo la mraba limesogezwa kando kidogo. Tazama picha moja, huoni kitu. Tazama zote kwa pamoja, mraba unaelea hewani. Na ndiyo sababu kadi ya Chilkoot inapendeza hivi: theluji tupu haina alama ya kulinganisha, bali wale watu na vivuli vyao ndio wanaoupa mlima mteremko wake. Waondoe, nao utakaribia kuwa kama shuka iliyoanikwa.

Mhamo hupungua upesi kwa masafa. Kwa kitu kilicho mita moja, macho huachana kwa pembe ya digrii 3.7 hivi; kwa mita mia, haifiki hata sehemu 4 za mia za digrii. Dawa yake ni kuyatenga macho. Wapiga picha wa milima walijua kuisogeza kamera kando kabla ya picha ya pili, na ndege ikaja kuyatenga kwa kilomita moja au zaidi, ikipiga picha moja baada ya nyingine, kila moja ikirudia asilimia 60 hivi ya ardhi ya iliyotangulia.

Kwa njia hiyo Embu na Meru zilipata kutazamwa kana kwamba na jitu lenye macho yaliyotengana hivyo. Mashamba yalipounganishwa na kuandikishwa katika miaka ya 1950 na 1960, kwa kufuata mpango wa Swynnerton wa 1954, wenyewe walitakiwa wapande ua mipakani ili uonekane kutoka angani. Ramani za mipaka zikachorwa juu ya picha zilizokuzwa, na kontua za ramani kubwa zikatolewa katika picha mbilimbili. Anayeziinamia picha hizo kwa stereoskopu huona matuta yanayoshuka kutoka Mlima Kenya yamesimama kwa ukali kupita kiasi, na mito Rupingazi, Thuci na Mutonga imezama baina yake. Yako makosa ya vipimo penye miteremko, lakini hayo ni ya wapimaji na mahakama.

Ama swali la pili la mwalimu: naam, yawezekana. Atoe nakala ndogo, hata alama zinazolingana katika picha zote mbili ziachane kwa sentimita zisizozidi sita. Asimamishe karatasi ngumu katikati, kutoka kwenye nakala hadi puani, kisha atazame kana kwamba anautazama mlima wa ng’ambo. Akijaribu bila karatasi hiyo, asikaze macho ndani, maana hapo kila jicho litachukua picha ya mwenzake na mambo yatageuka: wapandaji wataingia nyuma ya theluji, na akiwa ametumia picha za ndege, Thuci utapita juu ya tuta na tuta litakuwa bonde. Akiona hivyo, alegeze macho aanze upya. Na yakiendelea kugeuka, abadilishe picha, ya kulia aiweke kushoto.